Kabla ya Kuuza Nyumba, Piga Hesabu ya Kitakachobaki Mkononi

Mnunuzi amefika saa nane mchana kuona nyumba. Amezunguka vyumba vyote, amefungua mfereji wa jikoni kuona kama maji yanatoka, amechungulia tangi juu ya paa. Kisha anasimama katikati ya sebule, anajipepea kwa bahasha aliyoshika, na kuuliza swali ambalo mwenye nyumba hakulitarajia: "Hapa stima ni pesa ngapi kwa mwezi?"

Mwenye nyumba hana jibu. Amekuwa akinunua tokeni za mia mbili mia mbili, na hajawahi kuzijumlisha. Mnunuzi akiondoka, mke wa mwenye nyumba naye anauliza la kwake: wakiuza kwa milioni nane, watabaki na ngapi? Hilo pia halina jibu.

Maswali hayo mawili ndiyo yanayowasumbua wakazi wengi wa Mombasa wanapoamua kuuza nyumba. Bei iliyokubaliwa si pesa atakazopata muuzaji. Kati ya bei na akaunti yake kuna kaunti, serikali kuu, wakili, ajenti, na pengine benki. Anayejua mapema kila mmoja atachukua kiasi gani hupanga bei yake vizuri. Anayekuja kujua baada ya kutia sahihi huwa tayari amezitumia pesa hizo kichwani, na wakati mwingine hata mkononi.

Mfano wa mzee wa bandarini

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mmoja alifanya kazi bandarini, akastaafu na kuhamia Kwale miaka mitano iliyopita. Nyumba yake ya mjini aliipangisha. Aliinunua mwaka 2011 kwa shilingi 3,200,000, na wakati huo ushuru wa stempu na wakili vilimgharimu 180,000. Baadaye aliongeza vyumba viwili nyuma kwa shilingi 900,000. Sasa amepata mnunuzi wa shilingi 8,000,000.

Mzee huyu ana haraka. Ameona nyumba nyingine karibu na watoto wake, bei yake 7,500,000, na ameshalipa asilimia 10 ya bei hiyo, yaani shilingi 750,000, kama malipo ya awali. Ameikopa kwa ndugu. Hesabu yake ni rahisi: milioni nane inaingia, milioni saba na nusu inatoka, nusu milioni inabaki ya matumizi.

Hesabu hiyo ina makosa. Ajenti aliyemletea mnunuzi anadai asilimia 3, ambayo ni shilingi 240,000. Wakili, pamoja na VAT ya asilimia 16 juu ya ada yake, ni 140,000. Kodi ya ardhi ya kaunti haijalipwa kwa miaka kadhaa, na deni pamoja na riba limefika 165,000. Halafu kuna kodi ya faida ya mtaji, ambayo mzee hakuwahi kuisikia.

Kodi ya faida ya mtaji

Kodi hii hulipwa kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, na anayeilipa ni muuzaji. Ilisimamishwa mwaka 1985, ikarejeshwa Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5. Tangu tarehe 1 Januari 2023 kiwango ni asilimia 15. Mtu aliyeuza ploti mwaka 2020 asichukue hesabu ya wakati ule akaileta leo. Kodi imekuwa mara tatu.

Inatozwa kwenye faida, si kwenye bei yote. Faida hupatikana hivi: chukua bei ya kuuzia, toa gharama za kuuza kama vile wakili na ajenti. Kisha toa kile nyumba ilichokugharimu, yaani bei uliyonunulia, ushuru wa stempu na wakili wa wakati ule, pamoja na ujenzi ulioongeza thamani ya nyumba.

Kwa mzee wetu, bei ni 8,000,000. Toa 240,000 ya ajenti na 140,000 ya wakili, inabaki 7,620,000. Gharama zake za awali ni 3,200,000 na 180,000 na 900,000, jumla 4,280,000. Faida ni 3,340,000. Asilimia 15 ya hiyo ni shilingi 501,000.

Ukijumlisha yote, makato ni shilingi 1,046,000, na mzee anabaki na 6,954,000. Nyumba aliyoikubali ni 7,500,000. Amepungukiwa na zaidi ya nusu milioni, na malipo yake ya awali yako hatarini, kwa sababu mikataba mingi humpa muuzaji haki ya kuyashikilia mnunuzi akishindwa kukamilisha.

Mambo mawili yangeweza kubadilisha hesabu hii.

La kwanza ni risiti. Zile 900,000 za vyumba vya nyuma zinahesabiwa tu ikiwa mzee anaweza kuzithibitisha. Kama fundi alilipwa keshi na saruji ilinunuliwa bila risiti, KRA haina sababu ya kuzikubali. Faida inapanda hadi 4,240,000 na kodi inafika 636,000. Karatasi zilizotupwa zimemgharimu shilingi 135,000. Basi anayejenga leo, hata kama hana mpango wa kuuza, aweke faili. Risiti za mabati, mbao, saruji na vigae, makubaliano na fundi, jumbe za M-Pesa, vibali vya ujenzi vya kaunti, vyote viwe pamoja na nakala ya hatimiliki.

La pili ni kubwa zaidi. Sheria ya kodi ya mapato inasamehe nyumba ya makazi ya mtu binafsi ikiwa mwenyewe ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu inayotangulia uhamisho. Mzee aliishi pale miaka mingi, lakini miaka mitano ya mwisho kulikuwa na mpangaji. Msamaha umempita. Angeuza alipostaafu, kabla ya kuhamia Kwale, kodi hii ingekuwa sufuri. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza. Watu wengi hudhani kwamba mwaka wa kuuza ni jambo la bei ya soko peke yake.

Ipo misamaha mingine. Ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa shilingi milioni 3 au chini ya hapo haitozwi. Shamba la chini ya ekari 50 lililo nje ya manispaa na miji iliyotangazwa pia halitozwi. Uhamisho kati ya mume na mke una msamaha wake. Msamaha hata hivyo haujitangazi wenyewe: muuzaji huuomba kupitia akaunti yake ya iTax na kuambatisha ushahidi. Kwa anayedai kwamba ameishi kwenye nyumba yake, bili za maji na stima zenye jina lake na anwani ile ni ushahidi mzuri.

Kodi ya kaunti na pango la serikali kuu

Watu wengi huchanganya malipo mawili. Kodi ya ardhi hulipwa kaunti kila mwaka na mwenye ardhi iliyo kwenye daftari la uthamini. Pango la ardhi hulipwa serikali kuu na wale ambao ardhi yao ni ya kukodi kwa miaka maalumu, kwa mfano miaka 99. Mwenye ardhi huru hana pango, lakini kodi ya kaunti anayo.

Kwa kawaida muuzaji hutakiwa kutoa cheti cha kuonyesha kwamba ardhi haidaiwi kodi ya kaunti kabla uhamisho haujakamilika. Kwa ardhi ya kukodi, cheti cha pango pia huulizwa. Kwa hivyo deni la miaka kumi halipotei kwa kunyamaziwa. Linasubiri siku ya kuuza, nalo linasubiri pamoja na riba.

Jambo moja linawaponza wengi. Upekuzi wa hatimiliki kwa kawaida hauonyeshi deni la kodi ya kaunti. Mtu anaweza kupata matokeo safi ya upekuzi, ardhi haina rehani wala pingamizi, na bado ikadaiwa mamia ya maelfu. Taarifa ya deni hutolewa na idara ya mapato ya kaunti, kwa nambari ya ploti. Ni vyema kuiomba kabla ya kutangaza nyumba, kwa sababu makosa hutokea: malipo yaliyowekwa kwenye ploti ya jirani, ploti iliyogawanywa lakini bado inadaiwa kama moja. Kurekebisha kosa la namna hiyo huchukua muda, na mkataba wa kawaida wa kuuza nyumba hutoa siku 90 tu.

Anayelipia huduma za serikali kupitia eCitizen atumie nambari rasmi ya malipo, 222222. Hakuna afisa mwenye ruhusa ya kupokea kodi ya ardhi kwenye simu yake binafsi, hata akiwa anajulikana na ana haraka ya kukusaidia.

Nani analipa nini

Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi: asilimia 4 ya thamani kwa nyumba za mjini na asilimia 2 kwa mashambani. Muuzaji hata hivyo asijisahau hapa. Mara nyingine mnunuzi hupendekeza bei ndogo iandikwe kwenye mkataba ili ushuru upungue, na tofauti ilipwe keshi. Mthamini wa serikali hukadiria thamani mwenyewe, kwa hivyo ujanja huo hufika mwisho wake mapema. Aliyekubali huwa amebaki na mkataba unaosema aliuza kwa bei ndogo. Mnunuzi akikataa kumlipa ile tofauti, hana karatasi ya kumdai.

Kila upande hulipa wakili wake. Ada ya chini ya wakili imewekwa kwa kanuni na hutegemea thamani ya mali, ila ni haki ya mteja kuuliza kiasi kamili mapema na kukipata kwa maandishi. Ajenti naye anapaswa kuwa amesajiliwa chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba. Mwulize cheti chake, na asilimia mkubaliane kabla hajamleta mtu. Nyumba ikiwa na rehani, benki itataka mkopo uishe na itatoza ada za kuondoa rehani hiyo.

Ridhaa ya mume au mke ni lazima kwa nyumba ya familia, hata kama hatimiliki ina jina moja. Na nyumba ya marehemu haiuzwi na watoto kwa sababu tu wamekubaliana. Sheria ya Urithi hairuhusu mali isiyohamishika kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha mirathi, na anayejiingiza kwenye mali ya marehemu bila idhini anatenda kosa la jinai.

Sasa lile swali la stima

Jamaa walio Uingereza wanalijua swali la yule mnunuzi. Huko muuzaji hutakiwa kuwa na cheti cha matumizi ya nishati kabla nyumba haijatangazwa. Mkaguzi huja, huangalia kuta, madirisha, paa, mfumo wa kupasha maji moto na taa, kisha huipa nyumba alama kutoka A, iliyo bora, hadi G. Cheti hudumu miaka 10, na muuzaji ndiye hulipia ukaguzi. Utaratibu huo ulianza Uingereza na Wales mwaka 2007. Haukubaki karatasi ya kuweka kabatini, kwa kuwa tangu mwaka 2018 nyumba yenye alama chini ya E haipewi mpangaji mpya huko, isipokuwa kwa misamaha maalumu.

Hapa Kenya hakuna sheria inayomtaka muuzaji wa nyumba ya kuishi awe na cheti cha aina hiyo. Mtu akija mlangoni kudai ada ya "cheti cha nishati" ili nyumba yako iuzwe, usimlipe.

Kilichopo ni lebo za vifaa. Kanuni za mwaka 2016, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA, zinataka vifaa kama friji na viyoyozi viwe na lebo ya nyota, kuanzia moja hadi tano. Nyota zikiwa nyingi, kifaa kinatumia umeme kidogo kwa kazi ileile. Kiyoyozi kilichofungwa ukutani kwa kawaida huuzwa pamoja na nyumba, na mnunuzi mwerevu ataisoma lebo yake.

Ana sababu. Kiyoyozi kinachovuta kilowati moja kikifanya kazi saa nane kwa siku hutumia uniti 8, karibu uniti 240 kwa mwezi. Hita ya kuogea ya kilowati tano ikitumika nusu saa kwa siku ni uniti 75 kwa mwezi. Bei ya uniti nayo hupanda kwa madaraja: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, hadi 100, na wanaozidi 100, ambao hulipa zaidi kwa kila uniti.

Kwa Pwani, nyumba inayokula stima mara nyingi ni nyumba yenye joto, na joto huingilia juu. Paa la mabati lisilo na dari hupika chumba kuanzia asubuhi. Dari, na nafasi ya hewa kati yake na bati, husaidia sana. Bati lililopakwa rangi nyeupe hurudisha jua badala ya kulimeza. Wazee waliojenga Mji wa Kale waliyajua haya bila lebo: kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ndefu, baraza yenye kivuli, na vyumba vinavyopitisha upepo. Nyumba nyingi za kisasa zimeelekeza madirisha makubwa kwenye jua la alasiri na kuupa kisogo upepo wa kusi, halafu zikafungiwa viyoyozi viwili.

Muuzaji hawezi kuigeuza nyumba. Anachoweza ni kuwa na jibu. Jumbe za tokeni za miezi 12 zilizo kwenye simu, zikijumlishwa kwa kila mwezi na kuandikwa kwenye karatasi moja pamoja na idadi ya watu wanaoishi humo, zinamwambia mnunuzi mengi kuliko maneno. Kama kuna mpangaji, aombwe mapema awape hesabu hiyo. Taa za LED, dari iliyozibwa matundu, na mti wa mwarobaini ulioachwa upande wa magharibi havigharimu sana, na ni vitu anavyovihisi mgeni akiingia saa nane mchana.

Kwenye mkataba, yaandikwe majina ya vifaa vinavyobaki: viyoyozi, hita, pampu, tangi, paneli za sola. Ugomvi wa siku ya kukabidhi funguo mara nyingi huwa ni wa pampu. Na akaunti za stima na maji zilipwe na zihamishwe kwa jina la mnunuzi. Mita ikibaki kwa jina la aliyeondoka, bili zitaendelea kumtafuta yeye.

Nyumba bila ardhi

Mombasa ina aina ya umiliki ambayo hesabu za juu hazitoshi kuieleza. Katika mitaa mingi mtu humiliki nyumba, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine, naye hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Anayeuza nyumba ya namna hii anauza jengo na nafasi yake ya kukaa pale, hauzi ardhi, na hana hatimiliki ya kumkabidhi mnunuzi. Ndiyo maana benki nyingi hazikopeshi kwa nyumba hizo na bei yake huwa chini.

Hapa karatasi muhimu ni makubaliano na mwenye ardhi, risiti za kodi ya kiwanja hadi mwezi wa karibuni, na barua ya mwenye ardhi inayokubali mnunuzi aingie mahali pa muuzaji. Baadhi ya wenye ardhi hudai ada kwa kutoa barua hiyo. Ada hiyo ijulikane kabla bei haijatajwa. Mnunuzi naye athibitishe kwamba anayejiita mwenye ardhi ndiye aliyeandikwa kwenye hatimiliki, kwa kufanya upekuzi wa ploti yenyewe.

Mahali pa kuanzia

Mzee wa mfano wetu angeanza na ziara mbili. Ya kwanza ni ofisi ya mapato ya kaunti, akiwa na kitambulisho na nambari ya ploti, ili apate taarifa ya deni na kuuliza kama kuna msamaha wa riba unaoendelea au kama anaweza kulipa kwa awamu. Ya pili ni kwa wakili, akiwa na faili la risiti, mkataba wa mwaka 2011 na swali moja: kodi ya faida ya mtaji itakuwa ngapi?

Akitoka huko angejua kwamba kwa bei ya milioni nane atabaki na chini ya milioni saba. Angeweza kutafuta nyumba ya bei hiyo Kwale, au kupandisha bei ya nyumba yake ya mjini, au kusubiri. Na zile 750,000 za ndugu zake zingekuwa bado hazijatoka mfukoni mwao.